Mteremko wa Kumi na Mbili

Dewey alitufungulia geti la machimbo kwa mara ya tatu majira yale ya baridi, na kwa mara ya tatu akanicheka.

"Karibu, dada. Mijusi wako wameshaamka?"

"Si mijusi, na unajua si mijusi."

"Mimi najua kitu kimoja. Mmekuja mara mbili, mmeondoka na matope kwenye makalio. Leo mkikosa tena, Jumatatu naanza kutoboa mashimo ya baruti. Habari imeisha."

"Haijaisha. Fungua geti."

"Mbona limeshafunguka? Hiyo miwani inakusaidia kweli?"

Dewey ni mdogo wangu wa mwisho. Ana miaka hamsini na moja na bado anasikia raha ya pekee akinitibua. Anaendesha mashine ya kutoboa mawe pale machimboni, na kwa kuwa wageni hawaruhusiwi kutembea peke yao ndani ya uzio, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kutusindikiza. Kila safari alikuja na kofia yake ngumu ya njano, chupa ya kahawa, na mkate uliojazwa nyama ya bata mzinga ambao hakumpa mtu hata kipande.

Bwana Loomis, aliyekuwa ananisimamia kazini, alikuwa anafunga kamba za viatu. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mtu mpole, mwenye haraka kidogo. Alizaliwa katika vilima hivihivi kama sisi. Yeye ndiye aliyekuwa na kibali cha kushika salamanda, viumbe tuliokuwa tunawatafuta, na kwa miaka mitano alikuwa ameshakagua miteremko kumi na moja ya bonde lile la mto. Huu ulikuwa wa kumi na mbili. Mimi nilikuwa mkaguzi wa pili, yaani jozi ya pili ya macho na sahihi ya pili kwenye fomu.

Kazi hiyo niliipata uzeeni. Nilipika katika jiko la shule ya sekondari kwa miaka ishirini na sita. Nilipofika arobaini na tisa nikaanza masomo ya jioni, kila Jumanne na Alhamisi, katika jengo lilelile nililokuwa nikipikia mchana. Nikivua aproni saa tisa, saa kumi na mbili nimekaa kwenye dawati. Mwalimu wetu wa biolojia, Bi Imelda Quiroz, ndiye aliyetuonyesha picha ya salamanda wa mawe ya chokaa. Ni ndugu wa chura, ingawa ana mkia na umbo la mjusi. Hana magamba. Ngozi yake ni laini na yenye majimaji, na kwa kuwa hana mapafu anapumua kwa ngozi hiyo, kwa hiyo jua likimkuta nje amekwisha. Wakati wa kiangazi huingia ndani kabisa ya mwamba. Mvua za baridi zikilowesha mawe, ndipo anapopanda karibu na juu.

"Anaishi wapi?" nilimuuliza mwalimu.

"Hapo," akasema, akanyoosha mkono dirishani kuelekea bondeni. "Hapo tu. Hakuna mahali pengine duniani."

Usiku ule nilishindwa kusali kwa maneno. Nilikuwa nimeishi kando ya bonde lile nusu karne nikisugua sufuria, na Mungu alikuwa ameweka pale kiumbe ambaye hakumweka kwingine, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia.

Nilikuwa bado sijamwona hata mmoja aliye hai. Na fomu mbili za mteremko wa kumi na mbili, zote zenye neno HAKUNA, zilikuwa na sahihi yangu chini yake. Sheria ilitaka safari tatu wakati wa mvua. Tukiandika HAKUNA mara ya tatu, machimbo yangepewa mteremko wote, kuanzia barabara ya juu hadi mtoni.

Tulianza juu barabarani kama siku zote, kwa sababu gari huegeshwa huko. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili na ilikuwa imekatika alfajiri. Mteremko ulikuwa mkali, mawe bapa ya kijivu yamelaliana, katikati yake misonobari myembamba na vichaka vyenye matunda mekundu. Upande wa kivuli mawe yalikuwa yamefunikwa na yale majani mafupi ya kijani yanayoota kwenye unyevu kama zulia. Tulishuka kwa mstari, Loomis kulia, mimi kushoto, tukiinua jiwe, tukiangalia, tukilirudisha palepale lilipokuwa bila kuacha hata upenyo wa kucha.

Kuinua jiwe, huku kwetu, ni jambo ambalo mtoto hufundishwa kabla ya kufunga kamba za viatu. Baba alinifundisha nikiwa na miaka minne. Simama nyuma ya jiwe. Pitisha vidole juu yake, ushike ukingo wa mbali, ulivute kuelekea kwako, ili jiwe lenyewe liwe ngao kati yako na nyoka. Nyoka wa njuga, yule mwenye sumu anayetikisa mkia, akiwa chini yake, atatokea upande wa pili na kwenda zake, na wewe miguu yako itakuwa salama. Watoto wa vilimani hawajui njia nyingine ya kuinua jiwe. Januari nyoka wamelala, lakini mikono haijui kalenda.

Nilikuwa nasali huku nikifanya kazi. Midomo yangu huchezacheza, na kwa muda mrefu Loomis alidhani nahesabu mawe.

"Umefika ngapi, Bi Orpha?" akaniuliza.

"Zaburi ya mia na nne."

"Nakuuliza mawe."

"Kumi na tisa. Hakuna kitu."

"Mimi ishirini na mbili. Hakuna kitu."

Dewey alikuwa ameketi juu yetu kwenye gogo. "Kuna konokono hapa," akapaza sauti. "Konokono anafaa? Naweza kumbandika mkia?"

"Dewey, kunywa kahawa yako," nikamwambia.

Saa saba mchana tulikuwa tumebakiza sehemu ya chini tu ya mteremko. Nilikanyaga tope, mguu ukaenda, nikakaa chini kwa kishindo na kuteleza hatua kama saba, nikasimamishwa na mti. Nyonga iliniuma hata nikaona nyota. Loomis aliniuliza kama nimevunjika, nikamwambia sijavunjika, endelea, nipe dakika moja. Nikabaki nimekaa chini yake, nimeegemea mti, nikifuta miwani kwa ukingo wa shati, na shati lenyewe lilikuwa limejaa matope kuliko miwani.

Yeye akainua jiwe lililofuata, kule juu, akiwa amesimama nyuma yake, akilivuta kwake kama sote tulivyofundishwa.

Vijiwe viwili vitatu vilibingirika vikaja upande wangu. Kila ukiinua jiwe kwenye mteremko, vijiwe hubingirika, hakuna anayevitazama. Vilikuja vikigonga miamba, ta, ta, ta. Lakini kimoja hakikugonga. Kilikuja kwenye mwamba mtupu, kikadunda mara moja, na hakikutoa sauti yoyote. Kikasimama karibu na mkono wangu. Nikakitazama kwa macho matupu, yenye ukungu. Kilikuwa duara la rangi ya kahawia. Kisha lile duara likajikunjua. Likawa na miguu minne, na mkia mfupi. Likatembea hatua nne, tano, likaingia kwenye ufa wa mwamba.

Sikuuondolea ufa macho.

"Bwana Loomis," nikasema. "Nimemwona."

"Nani?"

"Salamanda. Ametoka chini ya jiwe hilo ulilolishika. Amebingirika kama kijiwe. Ameingia hapa."

Alilirudisha jiwe kwanza, kwa uangalifu, ndipo akashuka. Akaangaza ufa kwa tochi. Ulikuwa mwembamba na ulikuwa unaingia ndani hadi mwanga ukafa.

"Sioni kitu, Bi Orpha."

"Ameingia ndani."

"Ulikuwa umevaa miwani?"

Nilikuwa nimeishika mkononi, imejaa matope. Akaiona. Dewey naye alikuwa ameshuka, akaiona, akacheka hadi kahawa ikammwagikia.

"Dada amepata maono! Amegonga makalio, malaika akatokea akiwa na mkia!"

"Nyamaza, Dewey."

"Si unasali tangu asubuhi? Umejibiwa!"

Loomis hakucheka, hilo nitamsifia. Lakini alitazama saa. "Siwezi kuandika kitu ambacho mimi sikukiona na wewe ulikiona bila miwani," akasema kwa sauti ya upole. "Unaelewa. Watanirudishia fomu. Tumalizie sehemu ya chini, mawe kumi tu yaliyobaki, tuandike, twende nyumbani. Nyonga yako inahitaji barafu."

Nilikuwa nalitazama lile jiwe alilolirudisha, na mahali aliposimama, na mahali nilipokaa. Nikaona jambo zima kwa mara moja. Tunasimama upande wa juu wa jiwe. Tunalivuta kwetu. Jiwe linafunguka upande wa chini, na lenyewe linatukinga tusione. Salamanda akihisi mwanga anajikunja kuwa duara na kujiachia mteremkoni. Sisi tukija kuchungulia juu ya jiwe, tunakuta udongo mtupu. Njia ile inayotuokoa na nyoka ndiyo iliyokuwa ikituficha salamanda, mwaka baada ya mwaka, na sisi tukiandika HAKUNA kwa mwandiko mzuri.

Nikawaeleza. Nilieleza vibaya, kwa haraka, kwa mikono. Loomis alisikiliza akiwa amekunja uso.

"Kitabuni wamesema wakati mwingine hujikunja," akasema taratibu.

"Kitabuni! Amepita hapa, mbele ya goti langu!"

"Lakini mwongozo wa ukaguzi hausemi kitu kuhusu mahali pa kusimama."

"Basi aliyeuandika si mtu wa huku. Mtu wa mjini anainua jiwe ovyoovyo tu, upande wowote, na anamwona. Ni sisi tunaoinua kwa adabu. Inua hayo kumi yaliyobaki kama unavyoinua siku zote. Mimi nitakaa chini yako."

"Bi Orpha, kwenye mwongozo wakaguzi wote wawili wanatembea kwenye mstari mmoja."

"Basi mimi nimeshaanguka nje ya mstari. Inua."

"Na nisipoinua?"

"Sitatia sahihi."

Dewey aliacha kucheka. Loomis akavua glavu moja, akajipangusa uso.

"Unajua fomu bila sahihi ya pili haipokelewi," akasema. "Tutalazimika kurudia safari, na wiki ijayo hakuna mvua. Kampuni italalamika, na lawama zitakuwa zangu. Mimi ndiye niliyekuombea nafasi hii, unakumbuka? Walisema mtu wa masomo ya jioni hataweza."

"Nakumbuka, na nakushukuru, na kila asubuhi nakuombea kwa jina. Lakini jina langu nimeshaliweka mara mbili chini ya kitu nisichokijua. Leo siliweki. Niondoe kazini kama unataka. Jikoni nilitoka mwenyewe, na ninajua njia ya kurudi."

"Dada," Dewey akasema, na safari hii sauti yake haikuwa na mzaha, "hii ni kazi yangu unayoichezea."

"Najua ni kazi yako."

"Mashine yangu ikisimama, wananiambia nikae nyumbani. Mke wangu Ruby atasema nini?"

"Atasema ukweli kama kawaida yake. Mimi nikijua kitu kiko chini ya jiwe nikaandika hakipo, nitakaa vipi mezani kwako nikabariki chakula?"

Aligeuka akatema mate, akapanda kurudi kwenye gogo lake. Alipofika katikati akageuka. "Mawe kumi!" akanipigia kelele. "Nitahesabu mwenyewe!"

Loomis alivaa glavu yake. Hakusema amekubali. Alisogea tu kwenye jiwe la kwanza kati ya yale yaliyobaki, akanisubiri.

Nilivua koti, nikalilowesha kwenye dimbwi na kulitandaza upande wa chini wa jiwe, hatua tatu kuelekea mtoni, nikapiga magoti kando yake. Nilisafisha miwani kwa kitambaa changu cha kichwani, ambacho ndicho kitu pekee kikavu nilichokuwa nacho. Sikumwomba Mungu salamanda. Niliona si haki kumwomba aweke mnyama chini ya jiwe kwa ajili yangu. Nilisema, Bwana, kama hawapo nipe ujasiri wa kuandika hawapo, na kama wapo nifumbue macho.

"Moja!" Dewey akahesabu kutoka juu.

Vijiwe vitatu, vyote vikagonga. Nikaviokota kimoja kimoja. Vijiwe.

"Mbili! Tatu! Dada, magoti yanaendeleaje?"

"Yamezoea."

Jiwe la nne lilikuwa na jongoo. La tano halikuwa na kitu. La sita lilikuwa kubwa, Loomis akalivuta akiguna, na kipande cha mwamba kikaruka na kunigonga kwenye kiwiko nikaumia kweli. La saba hakuna. Baridi ilikuwa imeshapita sweta na kuingia mifupani. Nilianza kufikiri kwamba huenda nilichoona ni tunda la mwaloni lililooza, na kwamba nimemfedhehesha Loomis na kumtisha mdogo wangu kwa ajili ya tunda bovu. Nilisali sala ileile tena. Sikuongeza neno.

"Nane!" Dewey akasema, bila mzaha tena.

Loomis alisimama nyuma ya jiwe bapa lililofunikwa zulia la kijani nusu yake. Akapitisha vidole ukingo wa mbali. Akavuta.

Kijiwe kimoja kiligonga, ta. Na kingine kikaja nyuma yake, kimya, kikatua kwenye koti langu na kuzama katika mkunjo wake kama kifungo kilichokatika.

"Usisogee," nikasema. "Usisogee, usilirudishe jiwe, njoo uangalie."

Loomis aliegemeza jiwe kwenye goti lake, akanyoosha shingo. Palepale alipozoea kuangalia siku zote, palikuwa na udongo mtupu na mizizi. Niliona macho yake yakipita pale kwanza, kwa mazoea. Ndipo yakashuka kwenye koti.

Duara lilijikunjua taratibu. Urefu wake kama kidole changu cha kati. Rangi ya zambarau iliyochanganyika na kahawia, kama mvinyo wa meza ya Bwana uliokauka kitambaani. Vidole vyake vilikuwa vifupi, vimeunganishwa na ngozi kama vya bata. Alisimama, akabonyeza ncha ya mkia wake kwenye kitambaa kama mzee anavyobonyeza mkongojo, akapiga hatua, akabonyeza tena. Macho yake yalitokeza kama mbegu mbili za mpapai zilizooshwa.

Dewey alikuwa ameshashuka bila mimi kusikia hatua zake. Alikuwa amesimama nyuma yangu, na nilisikia pumzi yake.

"Ndiye huyo?" akauliza.

"Ndiye."

"Mdogo hivyo?"

Loomis alipiga picha saba. Alilowesha glavu, akamweka kwenye mfuko wa plastiki wenye unyevu, akampima kwa rula, akasoma kipimo kwa sauti, nami nikaandika. Halafu tukalirudisha jiwe kwanza, vizuri kabisa, na kumweka salamanda kando yake, kwa sababu ukimweka kwanza ndipo ulirudishe jiwe unaweza kumponda. Alitembea na mkongojo wake akaingia chini. Mawe mawili yaliyobaki tuliyainua pia. La kumi lilikuwa na mwingine, mtoto, wa rangi ya kijani kibichi kama embe changa, akabingirika hadi kwenye kiatu cha Dewey. Dewey aliinua mguu mmoja akabaki hivyo, mikono hewani, akinitazama kwa hofu hadi tulipomwondoa.

Loomis aliandika kwenye fomu: WAPO. WAWILI. Akatia sahihi, akanipa ubao wa kuandikia, nami nikatia sahihi. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi kwa baridi, na herufi ya mwisho ikatoka nje ya mstari.

"Basi," akasema. "Mteremko huu hawaugusi. Umeshinda, Bi Orpha."

"Bado."

"Bado nini?"

"Zile fomu mbili za kwanza. Na ile kumi na moja."

Alijua nilichokuwa nasema kabla sijakisema. Nadhani alikijua tangu alipoliona koti. Alikaa chini kwenye mwamba uliolowa, akaweka mikono kati ya magoti.

"Miteremko kumi na moja," akasema. "Miaka mitano. Yote nimesimama juu, nimevuta kwangu. Mama yangu ndiye aliyenifundisha kuinua jiwe."

"Mimi baba."

"Miwili imeshalipuliwa."

"Najua. Mmoja una sahihi yangu."

"Utaukagua wapi, Bi Orpha? Umeshakuwa kokoto. Tumeukanyaga tukija hapa, kwenye barabara."

"Huo nitaandika hivyohivyo. Kwamba tuliukagua vibaya na sasa haupo. Tisa bado ipo."

"Sikiliza." Alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi kuliko wangu. "Leo tuanze upya. Kuanzia leo mmoja anakaa chini, kila safari, nakuahidi. Tisa hiyo nitatafuta namna ya kuirudia polepole, mwaka huu mmoja, mwakani mmoja, bila kelele. Ukiandika barua ofisini, wataninyang'anya kibali. Na ukishaandika kwamba ulitia sahihi bila kujua, hakuna atakayekupa fomu tena maishani."

"Polepole ni lini? Mteremko wa tano wanauanza Machi."

Aliuachia mkono wangu.

"Dewey," nikasema, "wa tano wanauanza Machi au hawauanzi?"

Mdogo wangu alivua kofia yake, akaivaa tena. Angeweza kusema hajui. "Machi mwanzoni," akasema. "Mashine imeshapangiwa."

"Unaona?" nikamwambia Loomis. "Mwanangu, mimi sikuchukii. Nitaandika jina langu, sitaandika lako. Ukitaka kuliweka pembeni ya langu, kalamu ninayo. Lakini Jumatatu napeleka barua."

Hakuichukua kalamu. Alipanda hadi kwenye gari na hakunisemesha njia nzima, na mimi sikumlaumu, nilimwombea tu kimyakimya nikitazama dirishani. Dewey alitufungia geti. Nilipopita aligonga kioo cha gari, nikakishusha.

"Jumapili usije kula kwetu," akasema. "Sitaki kukuona."

"Nitakuja. Nitaleta maharage."

"Nimesema usije."

"Na mkate wa mahindi."

Akapiga teke tairi la gari, kwa nguvu, akaondoka.

Jumapili nilikwenda. Ruby, mke wake, alinipakulia. Dewey alikula huku amenigeuzia bega, na akaomba maharage mara mbili.

Jumatatu nilimpitia Bi Imelda Quiroz asubuhi, anisahihishie barua. Alisahihisha makosa mawili ya tahajia, akanirudishia.

"Hili neno 'nilikosea'," akasema, "unaweza kuandika 'huenda kulikuwa na mapungufu.' Watu wa ofisini huandika hivyo."

"Lakini nilikosea."

"Najua ulikosea. Nakuambia wanavyoandika."

Niliacha nilivyoandika. Ilikuwa ukurasa mmoja. Mimi, Orpha Tidwell, nilitia sahihi kwamba hakuna salamanda katika mteremko wa kumi na mbili, tarehe sita na tarehe kumi na nane Januari. Nilikosea. Tulisimama upande wa juu wa mawe na kuyavuta kwetu, na salamanda hubingirika kwenda chini, na hatukuangalia chini. Nilifanya hivyohivyo katika miteremko minne mingine, na mmoja kati ya hiyo umeshalipuliwa. Kwa kadiri ninavyojua, miteremko yote kumi na moja ilikaguliwa kwa namna hiyo. Naomba sahihi zangu zote zifutwe, na ile tisa iliyobaki isiguswe mpaka ikaguliwe upya, mtu mmoja akiwa upande wa juu wa jiwe na mwingine upande wa chini.

Mjini, kwenye ofisi ya wanyamapori, nilikaa kwenye benchi kwa muda wa saa mbili na nusu. Kijana wa mapokezi aliniambia niiache barua mezani, nikamwambia nitaiacha ikishapigwa muhuri wa kupokelewa. Akasema mwenye muhuri yuko kwenye kikao. Nikasema nina kitabu changu cha sala, hata jioni nitasubiri. Akaenda, akarudi na mwanamke mrefu mwenye suti ya kijivu, ambaye alisoma barua akiwa amesimama. Alisoma mara ya pili akiwa amekaa.

"Bi Tidwell," akasema, "unaelewa unachokifanya? Hii ikishaingia kwenye faili haitoki. Kila mtu atakayeifungua ataona kwamba aliyekosea ni wewe."

"Naelewa."

"Msimamizi wako hajatia sahihi."

"Hajatia. Pengine atatia. Hiyo ni kazi yake na Mungu wake."

"Unaweza kurudi nyumbani ufikirie siku mbili tatu."

"Nimefikiri nikiwa nimepiga magoti kwenye matope, mama, na nikafikiri tena kanisani jana. Mteremko wa tano wanauanza Machi." Nikausogeza ule ukurasa mbele yake, nikaunyoosha kwa kiganja. "Aliyekosea ni mimi. Piga muhuri."